Mtaalamu hawezi kuja Januari: tuhesabu ndege wa Kunduchi wenyewe, au mwaka huu tuache?

DerevaWaMtongani – 19 Desemba 2020, saa 3:40 usiku

Habarini za usiku wakuu.

Mimi ni dereva wa bajaji, kijiwe changu Kunduchi Mtongani, Dar es Salaam. Naomba mawazo ya watu wanaojua mambo ya ardhioevu na ndege wa maji, maana hapa kijiweni sina wa kumuuliza.

Mwaka 2014 nilimbeba mama mmoja Mholanzi kutoka hotelini hadi kwenye majaruba ya chumvi. Alinilipa nimsubiri. Jua likawa kali, nikaacha bajaji chini ya mti nikamfuata kwenye kingo za majaruba, akanipa darubini yake nitazame. Nikaona ndege mweupe, mgongo mweusi, mdomo mnene kama koleo. Amemkamata kaa, anamtikisa mpaka mguu unakatika, anamweka chini, anamdaka tena. Nimekulia hapa hapa, marehemu baba alikuwa mvuvi, na kwetu ndege yeyote mweupe alikuwa yangeyange au membe, basi. Yule mama akaniambia huyu ndege hatagi mayai huku kwetu, anataga kwenye mashimo anayochimba mchangani huko Uarabuni na pwani za Somalia, kisha anashuka mpaka kwetu kula kaa. Sisi kwenye kikundi tunamwita "mla kaa".

Tangu mwaka uliofuata, kila Januari yule mama anakuja kwa ajili ya sensa ya kimataifa ya ndege wa maji. Hii sensa ipo tangu 1967, na katikati ya Januari watu wa nchi nyingi wanahesabu karibu siku zile zile. Sasa hivi tuko watano: mimi, kijana anayefanya kazi kwenye chumvi, mvuvi mmoja, na wasichana wawili waliomaliza kidato cha sita. Yeye ndiye mwenye darubini kubwa ya miguu mitatu na ndiye anayetaja aina. Sisi tunahesabu na kuandika.

Jumatano amenipigia. Kwao wamefungiwa tena kwa sababu ya korona tangu tarehe 15 na taasisi yake imezuia safari zote. Anga letu liko wazi tangu Mei, lakini yeye hawezi kutoka. Na ile hela ndogo ya nauli na chai ya wahesabuji, iliyokuwa inatoka kwenye mradi, nayo imesimamishwa. Sauti yake ilikuwa ya mtu aliyechoka. Akasema, "Mwaka huu tuache tu."

Nimelala siku tatu na hilo neno. Daftari ninalo mimi, lina Januari sita mfululizo, 2015 mpaka 2020. Tuna darubini mbili ndogo, moja kioo chake cha kulia kimeingia ukungu. Tuna kitabu cha ndege alichotuachia. Mla kaa namjua, sululu namjua kwa ule mdomo wake mrefu uliopinda, yangeyange, korongo na membe hawanisumbui. Wanaonishinda ni wale kitwitwi wadogo wa kijivu. Wakikaa mia mbili pamoja, wote naona ni mtu na nduguye.

Swali langu ni hili. Hesabu ya watu kama sisi, bila mtaalamu, ina faida yoyote huko inakokwenda? Au tutawaharibia takwimu zao, na heri tuache ukurasa wa 2021 mtupu?

---

Tegeta_Nyuki – 19 Desemba 2020, saa 4:15 usiku

Nendeni mkahesabu kaka. Mimi sijui ndege ila ukurasa mtupu haumsaidii mtu.

---

Kijana_wa_Kigogo – 20 Desemba 2020, saa 1:05 asubuhi

Mkuu, nitasema ukweli na usikasirike. Dunia nzima watu wanakosa pumzi. Mimi mwenyewe mwaka huu nimezika mjomba. Kazi zimekufa, mahoteli ya huko kwenu nasikia yamebaki na walinzi. Katika hali hii kweli tunakaa kujadili idadi ya ndege? Hao Wazungu wakifunga mradi ujue wameona kuna mambo ya maana zaidi. Pumzika ndugu yangu, tafuta hela, ulishe familia.

---

DerevaWaMtongani – 20 Desemba 2020, saa 2:30 asubuhi

Pole sana kwa msiba wa mjomba. Sijakasirika hata kidogo.

Kuhusu hela unasema kweli, na naumia kila siku. Hesabu ya tajiri mwenye bajaji ni ile ile awe na abiria au asiwe nao, na tangu Machi kuna siku nampelekea yote niliyopata, nyumbani narudi na mkate tu. Ndiyo maana nimeuliza, sijakurupuka. Asubuhi moja ya Januari kwangu ni hela ya siku nzima.

Lakini ndugu yangu, wewe uko Kigogo. Mvua ya tarehe 13 Oktoba ulikuwepo. Maji ya Msimbazi yanashuka kutoka vilima vya Pugu na Kisarawe, yanapita kwenu, yanakwenda Jangwani, yanatafuta njia ya kuingia baharini pale daraja la Salenda. Bonde lile lilikuwa la kupumzikia maji. Tumelijaza nyumba, kifusi na taka, sasa maji yanapumzikia vitandani mwa watu. Mwaka 2011 tulizika watu, wengine wakahamishiwa Mabwepande. Wakati ule hapakuwa na korona.

Ninachotaka kusema, ardhioevu haikusubiri ugonjwa uishe. Mwaka huu huu, wakati ofisi zimefungwa na hakuna mgeni anayetembelea, nimeona lori likimwaga kifusi usiku kwenye mikoko upande wa mkondo. Mara tatu. Kama hakuna anayekwenda kutazama, nani atasema Januari iliyopita hapa palikuwa na maji?

---

Mzee_wa_Bwawani – 20 Desemba 2020, saa 11:20 jioni

Kijana wa Mtongani, nimesoma yote. Nilifanya kazi za ardhioevu serikalini mpaka nilipostaafu, kwa hiyo nitakujibu kwa urefu, univumilie.

Kwanza swali la faida. Mkataba wa Ramsar, ule wa mataifa kuhusu ardhioevu, ulisainiwa 2 Februari 1971 katika mji wa Ramsar, Iran. Tanzania tuliingia mwaka 2000. Tuna maeneo manne kwenye orodha: Malagarasi-Muyovozi, bonde la Ziwa Natron, bonde la Kilombero, na Rufiji-Mafia-Kilwa lililoingia 2004. Sasa eneo linaingiaje kwenye orodha? Kuna vigezo tisa, na viwili vinahusu hesabu moja kwa moja. Kimoja kinasema eneo liwe na kawaida ya kubeba ndege wa maji 20,000 au zaidi. Kingine kinasema libebe asilimia 1 ya ndege wote wa kundi fulani la aina moja. Hiyo asilimia 1 inapatikana wapi? Inapatikana kwa watu waliosimama kwenye matope na daftari, nchi baada ya nchi, wakajumlisha. Kama upande mmoja wa njia ya ndege wanaohama hakuna aliyehesabu, jumla yote inayumba, hata ya Mwarabu na Mrusi.

Kunduchi haimo kwenye orodha, najua utaniuliza. Lakini kifungu cha tatu cha mkataba kinaitaka nchi itumie kwa busara ardhioevu zake zote, si zile za kwenye orodha tu. Watu wengi, hata maofisa, hawalijui hili.

Pili, huyo mama kukwambia "tuache" nadhani alikuwa anawaonea huruma, msijitolee bila hata chai. Mpigie umuulize vizuri. Mwaka huu kila mtu kwenye kazi hii anatafuta namna. Vikao vimehamia kwenye kompyuta, watu wa Sekretarieti ya mkataba kule Gland, Uswisi, wanafanyia kazi nyumbani kwao. Mkutano wa 14 wa nchi wanachama umepangwa kufanyika mwakani Wuhan, China. Ndiyo, Wuhan hiyo hiyo, ulishapangwa kabla ya ugonjwa. Mimi nilikuwepo Kampala 2005 kwenye mkutano wa tisa na nakuhakikishia, mezani pale nchi isiyo na takwimu inasikiliza tu wenzake wakiongea.

Kikao kinaweza kuahirishwa kikafanyika mwaka mwingine. Januari 2021 haiahirishwi. Ndege watakaokuwepo wiki ile watakuwa wameondoka ifikapo Aprili, na hakuna atakayeweza kuja 2023 kuwahesabu wale wa 2021.

Tatu, jinsi ya kuhesabu bila mtaalamu. Hapa shika kalamu.

Nendeni maji yakiwa yamejaa, si yakiwa yamekupwa. Maji yakikupwa kitwitwi wanatawanyika kwenye tope kilomita nzima, humpati hata mmoja vizuri. Bamvua, yale maji makubwa ya mwezi mchanga na mpevu, likijaa tope lote linafunikwa, wanakimbilia kwenye majaruba na kusimama kwa makundi. Mwezi utaandama karibu na tarehe 13 Januari, kwa hiyo tarehe 16, Jumamosi, bahari itakuwa inajaa mapambazuko. Muwe mmeshafika saa kumi na moja.

Simameni sehemu zile zile alizokuwa anasimama yeye. Zile zile kabisa, hata kama mnaona pengine panaonyesha vizuri zaidi. Ukibadilisha sehemu, hutajua kama ni ndege waliobadilika au ni wewe.

Kundi kubwa usihesabu mmoja mmoja. Hesabu kumi, tazama kumi wanachukua nafasi gani, kisha ipeleke nafasi hiyo juu ya kundi lote. Watu wawili wahesabu kila mmoja kivyake bila kuambizana, ndipo mlinganishe.

Na hao wa kijivu wanaokushinda usiwabahatishe. Andika "kitwitwi wasiotambulika" na idadi yao. Fomu ya sensa ina nafasi yao. Hata mimi na miaka yangu yote niliiandika mara nyingi sana. Anayeharibu takwimu ni yule anayeona aibu kusema sijui, anachagua jina zuri kitabuni.

Andika pia mlikuwa wangapi, mlitumia darubini gani, kioo chenye ukungu nacho kiandike. Atakayesoma ataelewa kwa nini mwaka ule "wasiotambulika" wamekuwa wengi.

---

DerevaWaMtongani – 20 Desemba 2020, saa 2:10 usiku

Shikamoo mzee wangu. Nimesoma mara mbili na nimenakili kwenye daftari. Sikujua kabisa kwamba kutokujua kuna nafasi yake kwenye fomu.

Swali dogo. Kwenye daftari kuna aina ambazo mwaka mwingine hatuoni hata mmoja. Mama alikuwa anaandika 0. Mimi nikiona sijamwona naweza kuacha tupu?

---

Mzee_wa_Bwawani – 20 Desemba 2020, saa 2:45 usiku

Marahaba. Hapana, usichanganye hivyo viwili. Sifuri maana yake tulitafuta, hakuwepo. Tupu maana yake hatukutafuta. Yule unayemfahamu na ukamtafuta, andika 0. Yule ambaye hata akikusimamia mbele humtambui, acha tupu.

---

BintiUtete – 21 Desemba 2020, saa 6:00 mchana

Kaka wa bajaji, nakuandikia kutoka Rufiji. Sisi kazi yetu ni mikoko, na hadithi ni ile ile. Mtu wa kutufundisha kupima miche alikuwa aje Aprili, hakuja. Tukakubaliana naye tukate vijiti vya mianzi vyenye alama kila sentimita kumi, tunasimamisha kijiti pembeni ya mche, tunapiga picha kwa simu, tunaweka tarehe, tunamtumia. Yeye anasoma urefu huko huko kwake. Miche yenye mbegu ndefu, mkoko wenyewe, inapigika vizuri. Ile ya mchu, aina nyingine ya mikoko, ni midogo, picha zinasumbua.

Jambo moja tu nikuombe. Hao ndege wasiotambulika wapigeni picha hata kwa simu kupitia kioo cha darubini. Unaegesha kamera kwenye kioo cha jicho. Inahitaji mkono usiotikisika, lakini inatoka. Bando likiwa tatizo hifadhini, mtume siku mkipata.

---

Kijana_wa_Kigogo – 21 Desemba 2020, saa 3:30 usiku

Nimerudi. Lile la Jangwani umenigusa, sina la kubisha. Chumba chetu cha nyuma ukutani bado kuna mstari wa tope wa Oktoba, unanifika kiunoni. Ila nabaki na hoja yangu kwamba msiende na njaa. Chai ya watu watano ni shilingi ngapi? Nitumie namba ya malipo kwa ujumbe wa siri.

---

DerevaWaMtongani – 17 Januari 2021, saa 1:20 usiku

Wakuu, tumehesabu. Naandika kwa kirefu kwa sababu mliojibu mnastahili kujua.

Nilimpigia mama kabla ya Krismasi kama mzee alivyoshauri. Alinyamaza kidogo, kisha akaniambia nimsomee kwenye daftari sehemu zote nane tunazosimama, moja moja. Nikamsomea. Kumbe alikuwa anahakikisha ninazijua. Akatuma fomu kwenye simu.

Jana saa kumi na moja alfajiri tulikuwa wote watano, barakoa usoni, chai ya tangawizi kwenye chupa (Kijana wa Kigogo, Mungu akuzidishie). Giza bado. Yule kijana wa chumvi ndiye aliyetuongoza, maana anajua kingo ipi imeoza na itamzamisha mtu. Tulisikia sululu kabla ya kuona chochote, ule mlio wake wa filimbi inayorudiwa haraka haraka. Kulipopambazuka maji yalikuwa yamejaa mpaka kwenye mizizi ya mikoko, na majaruba matatu ya mwisho yamejaa ndege wamesimama mguu mmoja, wote wamegeukia upepo.

Kundi la kwanza la kitwitwi mimi nilipata 212. Binti mmoja 190. Mvuvi 231. Tukatazamana. Nikasema turudie kwa ile njia ya kumi kumi. Mara ya pili 205, 210, 208. Tukaandika 208, na pembeni tukaandika zote sita. Katika hao, wenye mdomo uliopinda kidogo kwenda chini tuliwatenga 60 kwa uhakika, maana jua lilikuwa nyuma yetu. Waliobaki tukaandika hawatambuliki. Mkono wangu ulitaka sana kuandika jina. Sikuandika.

Mla kaa, sehemu ya nne, ambako mwaka jana walikuwa zaidi ya thelathini, hatukuona hata mmoja. Tulingoja dakika ishirini. Binti akaandika 0, na nilivyomwona anauzungushia ule mviringo taratibu, nilijisikia vibaya sana, kama mtu aliyeambiwa jirani amehama. Sehemu ya saba tukawakuta 19, wamepangana kwenye ukingo, na wawili ni wachanga wenye rangi ya kijivu mgongoni, bado wanawafuata wazazi wakiomba chakula. Nilitaka kurudi sehemu ya nne kufuta ile sifuri. Haifutwi, iko pale.

Na kati ya sehemu ya nne na ya tano kifusi kimeingia kwenye mkondo, kama bajaji kumi zikipangwa. Tumepiga picha, na kesho napeleka kwa mwenyekiti wa mtaa na kwa watu wa misitu, maana mikoko ni hifadhi.

BintiUtete, picha kumi na nne kupitia kioo cha darubini, tisa zimetoka ukungu. Tano nzuri.

---

Mzee_wa_Bwawani – 17 Januari 2021, saa 2:05 usiku

Nimefurahi kuliko ninavyoweza kuandika. Mmeandika zote sita pembeni, hilo sikuwafundisha.

---

DerevaWaMtongani – 2 Februari 2021, saa 12:15 jioni

Leo mkataba umetimiza miaka 50 na kaulimbiu ni ardhioevu na maji. Huko kwingine sherehe ni za kwenye mtandao. Sisi tulikwenda na wanafunzi kumi na wawili wa shule ya jirani mpaka sehemu ya kwanza tu, wakiwa wameachiana nafasi, na darubini ikipita mkono kwa mkono tunaifuta kwa spiriti. Mama amejibu kuhusu picha: tatu kati ya tano amezitaja aina, mbili amesema hata yeye hawezi.

Kifusi bado kipo. Malori hayajarudi tangu tupeleke taarifa.

---

DerevaWaMtongani – 20 Novemba 2022, saa 3:00 usiku

Nimeufufua uzi huu kwa sababu Mzee_wa_Bwawani alitaja ule mkutano wa Wuhan. Umefanyika mwezi huu, tarehe 5 hadi 13, nusu Wuhan na nusu Geneva, mwaka mmoja baada ya ule uliopangwa. Na Katibu Mkuu wa mkataba sasa ni Mwafrika mwenzetu kutoka Zambia, Musonda Mumba.

Mama amekata tiketi, anafika Januari, mara ya kwanza tangu 2020. Nilimwambia daftari halina pengo, 2021 ipo na 2022 ipo. Akaniomba nimpigie picha ukurasa wa 2021 wote, pamoja na zile namba sita za pembeni na ile 0 ya sehemu ya nne.

Anayetaka kuungana nasi Januari aniandikie ujumbe wa siri nimpe tarehe. Tunakutana kijiweni Mtongani saa kumi na nusu alfajiri, uje na viatu vya kuingia matopeni na kalamu ya risasi, maana ya wino inafifia ikilowa chumvi. Kijana wa Kigogo ameshasema anakuja.